Uhuru na Wenziwe: Historia ya 'Freedom' na 'Liberty'

Katika madarasa ya tafsiri, maneno ya Kiingereza 'freedom' na 'liberty' huchukuliwa kuwa visawe kamili kwa kuwa yote mawili hufasiriwa kwa neno moja, uhuru. Makala haya yanashikilia kwamba usawa huo ni wa kamusi tu. Historia ya matumizi inayatenganisha, na mhakiki asiyeizingatia hupoteza sehemu ya maana ya matini.

'Freedom' ni neno la Kiingereza cha Kale. Mzizi wake una nasaba moja na 'friend', yaani rafiki: aliye huru ni mpendwa anayehesabiwa miongoni mwa jamaa, tofauti na mtumwa aishiye nyumbani bila kuwa wa ukoo. 'Liberty' lina asili ya Kilatini, nalo liliingia Uingereza kupitia Kifaransa katika karne ya 14. Liliandamana na lugha ya sheria. Mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215, ulioandikwa kwa Kilatini, ulitaja 'libertates', haki ambazo mfalme alikiri kwa maandishi.

Mpaka huu haukuwa thabiti daima, lakini athari zake zinaonekana. Azimio la Marekani la mwaka 1776 lilitukuza 'liberty' ilhali baadhi ya waliolitia saini walimiliki watumwa. Wanaharakati wa haki za Wamarekani Weusi walipoipa majina misafara yao ya mwaka 1961 na kampeni ya Mississippi ya mwaka 1964, walitumia 'freedom'.

Je, Kiswahili ni maskini kwa kukosa jozi hii? La hasha. Katika upwa wetu, 'mwungwana' lilihusu nasaba na adabu. 'Huru', lenye asili ya Kiarabu, liliweza kumhusu hata mtumwa aliyeachiliwa. Aliyekuwa huru hakukubaliwa mara moja kuwa mwungwana. Kiswahili kilichora mpaka wake mahali pengine.

Kufikia mwaka 1963, uhuru ulikuwa umebeba maana ya dola kujitawala. Oginga Odinga alipochapisha tawasifu yake kwa Kiingereza mwaka 1967, aliiita Not Yet Uhuru. Hakuchagua 'freedom' wala 'liberty'. Bendera ilikuwa imekwisha kupandishwa, lakini ahadi ya ardhi na usawa iliyosikika katika neno hilo ilikuwa haijatimizwa. Kwa hivyo, mfasiri asitosheke kuuliza neno lina maana gani. Aulize pia nani alilitumia, na dhidi ya nani.