Kilimo cha Jadi na Hifadhi ya Udongo katika Miteremko ya Bujumbura

Jiji la Bujumbura limejengwa katika uwanda wa Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika. Mashariki yake huinuka miteremko mikali ya Mirwa, na juu zaidi, kwenye baridi, iko Mugamba. Majina haya ya Kirundi hubainisha kimo, hali ya hewa na mazao yanayofaa. Mwaka nao uligawanywa kwa misimu: agatasi, msimu wa mvua za mwanzo, impeshi, msimu wa mvua za pili, na ici, kiangazi, ambapo hulimwa mabondeni penye unyevu.

Katika kilimo cha jadi, urugo, yaani boma la kaya, ulizungukwa na migomba. Samadi ya ng'ombe na mabaki ya mavuno vilirudishwa humo, majani ya migomba yakafunika ardhi, na maharage yakapandwa pamoja na mahindi au mtama. Hivyo mvua haikuangukia udongo mtupu. Upandaji wa mtama ulifunguliwa kwa umuganuro, sherehe ya mwami iliyofanyika Desemba.

Utaratibu huo ulitikiswa na utawala wa Wabelgiji, uliokuwa na makao yake Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Umuganuro wa kifalme ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1929. Katika miaka ya 1930 wakulima walilazimishwa kupanda kahawa, isiyochanganywa na mazao mengine na iliyowekewa matandazo. Sehemu ya matandazo hayo ilitoka migombani. Rutuba ya chakula cha nyumbani ikahamia kwenye zao la kuuzwa ng'ambo.

Jadi haikutatua kila jambo, kwani ongezeko la watu nalo limepunguza malisho, mifugo na muda wa kupumzisha ardhi. Hata hivyo, gharama ya mteremko usio na kifuniko hulipwa hadi mjini. Februari 2014 mvua kubwa iliteremsha matope na mawe hadi Kamenge na Kinama, na zaidi ya watu 60 wakapoteza maisha. Ujenzi wa mabondeni ulichangia, lakini udongo uliokosa kinga ulichangia pia.

Kwa hiyo, kukusanya msamiati wa wakulima wa Mirwa ni kazi ya wanaisimu na wataalamu wa kilimo kwa pamoja. Neno linapotoweka, mara nyingi hutoweka na mbinu liliyoitaja.