Nani Ataiona? Siri na Uchaguzi wa Kinga ya VVU Miongoni mwa Mashoga wa Pwani ya Kenya

Novemba 2010 yalichapishwa matokeo ya iPrEx, utafiti uliofanyika katika nchi sita kwa washiriki 2,499, wengi wao wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao. Waliopewa kidonge cha kinga cha kila siku, ambacho kliniki zetu sasa zinakiita PrEP, waliambukizwa VVU kwa asilimia 44 pungufu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini kwa wale ambao vipimo vya damu vilionyesha dawa imo mwilini, hatari ilishuka kwa asilimia 92. Kidonge ni kile kile. Wengine walikimeza, wengine hawakukimeza. Tangu hapo pengo hilo limeelezwa kwa lugha ya lawama: usahaulifu, uzembe, ujana. Ninadai kwamba, walau katika pwani ya Kenya, mwanaume anapochagua kinga swali lake la kwanza ni nani ataiona, na ubora wa dawa hufuata nyuma sana.

Aibu inayozunguka kinga hii haifanani kila mahali. Marekani iliidhinisha kidonge hicho, Truvada, kuwa kinga Julai 2012, na ukali wa kwanza ukatoka ndani ya jamii yenyewe ya mashoga. Mwaka 2014 Larry Kramer, mmoja wa waasisi wa kundi la wanaharakati wa UKIMWI la ACT UP, aliliambia gazeti kuwa kuimeza ni aina ya uoga. Michael Weinstein wa AIDS Healthcare Foundation akaiita dawa ya starehe. Kizazi kilichozika marafiki kiliitazama kondomu kama amana ya marehemu, na aliyeiacha alionekana msaliti. Hofu ya kondomu kuachwa haikuwa ya bure. Huko Australia matumizi ya kondomu yalipungua kweli PrEP ilipoenea. Hata hivyo katika jimbo la New South Wales, lililoanza kuwagawia PrEP maelfu ya wanaume mwaka 2016, idadi ya waliogunduliwa na VVU ilishuka kwa takriban robo ndani ya mwaka mmoja. Kwangu mimi mjadala huo umefungwa.

Pwani kwetu mambo ni mengine. Kenya ilipozindua PrEP Mei 2017, anayeimeza hakuogopa sana kuitwa mhuni. Aliogopa kuitwa mgonjwa. Kopo ni la plastiki, vidonge 30, halitofautiani kwa macho na kopo la ARV, na mara nyingi hutolewa kwenye CCC, kliniki ile ile wanakohudumiwa watu wanaoishi na VVU. Likitikisika linalia. Kijana anayelala chumba kimoja na nduguze, au mwanaume mwenye mke (nao si wachache), atalificha wapi? Wapo wanaovimimina vidonge kwenye bahasha na kulitupa kopo kabla hawajafika stendi, japokuwa kopo ndilo linalovikinga na unyevu, na unyevu wa pwani unajulikana. Akifumwa navyo ana majibu mawili ya kutoa: ama ana virusi, ama analala na wanaume. La pili linagusa kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha hadi miaka 14, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019.

Upo utaratibu wa kumeza kwa tukio, uliothibitishwa na utafiti wa Ufaransa na Kanada na kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019: vidonge viwili kati ya saa 2 na 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya hivyo viwili, kingine saa 24 baada ya hicho. Kwenye karatasi unamfaa mwenye siri. Ila unamtaka akiri leo, akiwa peke yake, kwamba kesho atafanya jambo ambalo bado anajiambia halitatokea.

Ndiyo maana kondomu haijang'oka. Ikikutwa kwenye pochi ya mwanaume hakuna anayeuliza ni ya kutumia na nani. Kinachomfichua ni kilainishi, kwa hiyo watu hukiacha na kutumia mafuta ya kujipaka, ambayo hudhoofisha mpira. Tanzania ilipopiga marufuku vilainishi Julai 2016 kwa hoja kwamba vinachochea ushoga, iliwaachia wanaume hao mafuta hayo hayo.

Sasa imekuja sindano ya lenacapavir, mara mbili kwa mwaka. Katika utafiti wa PURPOSE 2, uliotangazwa 2024, waliochomwa walikuwa 2,179 na walioambukizwa 2. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Wenzangu wengi wanasema suala la siri limekwisha, maana hakuna kopo. Nina shaka. Sindano inaiondoa siri nyumbani na kuipeleka mlangoni pa kliniki, na mlango huo una historia: Februari 2010 umati ulivamia kituo cha taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pale Mtwapa kwa kuwa kilihudumia wanaume hawa. Vituo rafiki na waelimishaji rika vilizaliwa ili kuukwepa mlango wa namna hiyo, na vingi viliishi kwa fedha za Marekani. Februari 2025 mwongozo wa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ukabakisha PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao.

Mtikisiko huo wa fedha za Marekani ulizaa jambo moja ambalo watafiti wamelitazama kwa huzuni tupu, nami naliona tofauti kidogo. Kenya imeanza kuzihamishia huduma za CCC kwenye kliniki za kawaida za wagonjwa wa nje. Mwanaume anayefuata kinga anaweza kuketi benchi moja na mwenye malaria na mama aliyeleta mtoto wa chanjo, na asijulikane kafuata nini. Benchi limekoma kumtaja. Ila ndani atamkuta muuguzi asiyemfahamu, hajafundishwa kumhudumia mtu kama yeye, na fomu ya PrEP inamtaka amwambie, kwa sauti inayosikika hadi nje ya pazia, analala na nani.