Mwokota Mipira wa Peshawar

Maneno ya somo la leo
Raketi: kifaa chenye mpini na nyuzi, cha kupigia mpira.
Bingwa: mtu aliyewashinda wenzake wote.
Fainali: mchezo wa mwisho, ambao humtoa bingwa.

Fungueni vitabu vyenu, mfuate kwa kidole huku mkisikiliza.

Leo twasoma habari za mchezo uitwao skwashi. Pengine hujapata kuuona. Basi fikiri chumba chenye kuta nne. Ndani yake wamo watu wawili, kila mmoja ameshika raketi, na wote wanaelekea ukuta wa mbele. Mmoja huupiga mpira ukutani. Mwenziwe ni lazima aurudishe kabla haujadunda chini mara mbili. Asipouwahi, ameshindwa pigo lile. Ni mchezo wa mbio na wa pumzi nyingi.

Skwashi ilianza Uingereza, katika shule ya Harrow, karne ya 19. Wanafunzi wa pale waliona kwamba mpira uliotobolewa hauruki sana, na kwa hiyo mchezaji hana budi kukimbia zaidi. Wakaupenda mchezo huo. Mwaka 1864 shule ilijenga vyumba vinne vya kuchezea. Kutoka shuleni mchezo uliingia katika vilabu vya matajiri na vya maofisa wa jeshi. Maofisa nao wakauchukua mpaka Misri na Bara Hindi.

Mashindano yake mashuhuri ya Uingereza huitwa British Open. Wanawake ndio waliotangulia, mwaka 1922. Wanaume walianza mwaka 1930. Siku zile bingwa wa wanaume alikaa na cheo chake, akangoja mtu mmoja ajitokeze kumwania. Wakapambana wawili tu. Hivyo ndivyo Don Butcher alivyomshinda Charles Read, akatwaa ubingwa. Baadaye Mmisri mmoja, Amr Bey, akaushika mara sita. Yeye alikuwa mwanadiplomasia, naye aliujifunza mchezo huu akiwa mtu mzima, baada ya kufika London.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, Mmisri mwingine, Mahmoud Karim, akawa bingwa tangu 1947 hata 1950. Tena mwaka 1948 utaratibu ukabadilishwa. Sasa wachezaji wengi huingia pamoja. Anayeshindwa hutoka, mpaka wabaki wawili. Likumbuke jambo hili, maana kwa utaratibu huu hata mtu asiyejulikana aweza kuingia kwa mlango uleule wa wenye majina.

Sasa twende Peshawar, mji ambao leo umo katika nchi ya Pakistan. Zamani hizo ulikuwa chini ya Waingereza. Maofisa wao walikuwa na klabu, na vyumba vyao vya skwashi havikuwa na mapaa. Mpira ukipigwa juu sana, huruka ukuta na kuangukia nje. Kwa hiyo walihitaji watoto wa kuokota mipira.

Mmoja wa watoto hao ni Hashim Khan, wa kijiji cha Nawakille. Baba yake alikuwa mkuu wa watumishi katika klabu ile, lakini alifariki Hashim akiwa bado mdogo. Mtoto akaacha shule, akafanya kazi ya kuokota mipira. Maofisa walicheza, yeye akatazama. Jua lilipokuwa kali wakaenda kupumzika, yeye aliingia na kucheza peke yake, miguu mitupu, juu ya sakafu ya moto. Hakuna aliyemfundisha. Macho yake ndiyo yaliyokuwa mwalimu.

Mwaka 1942 akapata kazi ya kufundisha skwashi katika klabu ya maofisa wa jeshi la anga. Mwaka 1944 alikwenda Bombay, akawa bingwa wa Bara Hindi nzima. Mwaka 1947 Bara Hindi iligawanyika, na Peshawar ikawa katika Pakistan.

Kisha, mwaka 1950, zikafika habari kutoka London. Abdul Bari, mchezaji wa India, alifika fainali ya British Open, akashindwa na Karim. Lakini Hashim alikuwa amekwisha kumshinda Bari huko Bombay! Basi akajiuliza: ikiwa Bari amefika pale, mimi je? Nauli hakuwa nayo. Jeshi la Anga la Pakistan likamsaidia, naye akasafiri.

Mwaka 1951 Hashim alikutana na Karim katika fainali. Alishinda 9–5, 9–0, 9–0. Hana cheti cha kuzaliwa, lakini husemwa alizaliwa mwaka 1914 au karibu na hapo. Basi alikuwa na miaka kama 37, umri ambao wachezaji wengi wamekwisha kuziweka raketi zao.

Hakushinda mara moja tu. Alipata ubingwa mara saba, mara ya mwisho mwaka 1958. Tena hakuyaficha aliyoyajua. Alimfundisha Azam, mdogo wake, aliyeshinda mara nne. Jamaa yao Roshan Khan alishinda mwaka 1957, na mpwa wao Mohibullah mwaka 1963. Hesabu mwenyewe: miaka 13 mfululizo, tangu 1951 hata 1963, ubingwa haukutoka katika ukoo huo. Baadaye Jahangir, mwana wa Roshan, akashinda mara kumi mfululizo, tangu 1982 hata 1991. Katika wanawake, Heather McKay wa Australia alishinda mara 16 mfululizo, tangu 1962 hata 1977.

Hashim Khan alifariki Marekani mwaka 2014. Watu wake walisema alikuwa na miaka 100.

Ndugu mwanafunzi, wale maofisa walimwona mtoto anaokota mipira. Hawakujua kwamba anajifunza. Nawe pengine jirani hukucheka, ukipita jioni na daftari lako kwapani. Mwache acheke. Wewe njoo darasani.

Maswali
1. Kwa nini maofisa wa Peshawar walihitaji watoto wa kuokota mipira?
2. Utaratibu wa mwaka 1948 ulimsaidiaje Hashim?
3. Andika sentensi tatu juu ya jambo ulilojifunza kwa kutazama tu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.