Dawa Iliyobaki Stoo

Kuna kitabu nimekisoma mara mbili na bado hakijarudi kwenye rafu. Ni kile cha Svetlana Alexievich kuhusu Chernobyl, kilichotoka mwaka 1997, miaka 18 kabla hajapewa Tuzo ya Nobel. Alexievich ni mwandishi wa habari kutoka Belarus, na kitabu chake kimejengwa kwa sauti za watu wenyewe: wajane, askari, walimu, wazee waliorudi kinyemela kwenye vijiji vyao.

Wengi hukumbuka simulizi ya mke wa mzimamoto. Mimi iliyonikaa kichwani ni ya mwanafizikia, Vasily Nesterenko, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi ya nishati ya nyuklia ya Belarus. Anaeleza alivyowapigia simu wakubwa akiwasihi watu wapewe dawa ya iodini haraka. Dawa ilikuwepo, anasema, imetunzwa kwa ajili ya siku kama ile. Ikabaki stoo.

Kwa nini iodini? Swali hilo ndilo lililonitoa kwenye fasihi na kunitupa kwenye historia.

Iodini ndiyo sisi Tanzania tunayoiita madini joto, yale yanayotajwa kwenye pakiti ya chumvi. Shingoni, chini ya koromeo, kuna tezi ndogo inayoyahitaji ili kutengeneza homoni za ukuaji wa mwili na akili. Wenye bibi na babu wa nyanda za juu wanajua yakikosekana inakuwaje: shingo inavimba, mtu anapata rovu. Tezi hii ina njaa na madini hayo, ikiyaona inayadaka.

Tatizo ni kwamba haichagui. Ndani ya kinu cha nyuklia huzaliwa iodini nyingine, iodini-131, yenye mionzi. Kinu kikipasuka, inapaa na upepo, inatua kwenye majani. Ng'ombe anakula majani, maziwa yanakamuliwa, mtoto anakunywa. Tezi inadaka ile yenye mionzi kama inavyodaka ya kawaida, na mionzi inaanza kuichoma kutoka ndani. Mtoto anaumia zaidi kwa sababu tezi yake ni ndogo na maziwa ndiyo chakula chake.

Dawa yake ni rahisi mno. Unampa mtu iodini safi, kwa kipimo cha daktari, kabla ile mbaya haijafika au saa chache tu baada ya kufika. Tezi inajaa. Ni kama daladala iliyoshiba abiria: mwingine akisimamisha, inampita. Lakini ukichelewa siku nzima, dawa haisaidii tena na inaweza hata kudhuru. Wala haizuii mionzi ya aina nyingine. Na tuelewane: kula chumvi nyingi hakufanyi kazi hiyo, na iodini ya kusafishia vidonda ni sumu ukiinywa.

Kila siku 8 nguvu ya iodini-131 hupungua nusu, kwa hiyo baada ya miezi mitatu hivi imekwisha kabisa. Hatari kubwa ni ya siku na wiki za mwanzo. Kwa maneno mengine, ugonjwa huu unazuiwa kwa saa, na saa zinategemea habari.

Sasa angalia saa hizo zilivyotumika. Kinu namba 4 cha Chernobyl kililipuka Aprili 26, 1986, saa 7 na dakika 23 usiku. Mji wa Pripyat, wenye watu karibu 49,000, ulihamishwa kesho yake mchana. Wengi wa hapo walipata vidonge, tuwape haki yao. Ila upepo haukuishia Pripyat. Vijiji vya Belarus na Ukraine viliendelea kukamua na kunywa. Aprili 28 mitambo ya Sweden iligundua mionzi angani, na jioni ndipo televisheni ya Moscow ikasoma taarifa fupi. Mei Mosi watoto wa Kyiv waliandamana na maua mikononi. Gorbachev alihutubia taifa kuhusu ajali hiyo Mei 14. Kufikia hapo, tezi zilizokuwa za kudaka zilikuwa zimeshadaka.

Hakuna mkubwa aliyeweza kusema elimu ilikuwa haijafika. Mwaka 1957, kinu cha Windscale kilipowaka moto, Waingereza walimwaga maziwa ya eneo la kilomita za mraba 500 hivi. Habari ya ng'ombe na tezi ilijulikana miaka karibu 30 kabla ya Chernobyl.

Upande wa pili wa mpaka kulikuwa na Poland, nchi ya kambi ileile. Aprili 28 asubuhi kituo cha Mikołajki kilipima mionzi isiyo ya kawaida. Wanasayansi wa Warsaw, akiwemo Zbigniew Jaworowski, hawakuambiwa kitu na Moscow. Chanzo chake walikisikia jioni kupitia redio ya BBC. Hawakusubiri ruhusa ya ndugu mkubwa. Vidonge vya kutosha havikuwepo, basi maduka ya dawa yakachanganya maji ya Lugol, mchanganyiko wa iodini wenye ladha ambayo Wapoland wa umri ule hawajaisahau. Zoezi lilianza Aprili 29 jioni. Ndani ya siku chache watoto milioni 10.5 na watu wazima milioni 7 walikuwa wameshakunywa. Ng'ombe wakazuiwa kula majani mabichi, watoto wadogo wakapewa maziwa ya unga.

Baadaye ilionekana mionzi iliyofika Poland ilikuwa kidogo kuliko ilivyohofiwa, na wapo waliosema zoezi lile halikuwa la lazima. Sawa. Lakini waliodhurika na dawa walikuwa wachache sana, na uamuzi ule ulifanywa gizani, na watu waliokuwa na kipimo kimoja na redio.

Kule dawa ilikochelewa, hesabu ilikuja taratibu. Kufikia 2005, saratani za tezi zaidi ya 6,000 zilikuwa zimegunduliwa kwa watu waliokuwa watoto na vijana Belarus, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa ilisema sehemu kubwa ilitokana na maziwa yaliyonywewa 1986. Waliokufa hadi mwaka ule walikuwa 15, maana saratani hii hutibika. Lakini kutibika ni kukatwa shingo, kubaki na kovu, na kumeza homoni kila asubuhi maisha yako yote.

Mimi nafanya kazi ya habari, na najua sentensi inayosema "tusiwatie watu hofu". Mara nyingine ni busara. Mara nyingi ni uvivu, au woga wa kumuudhi aliye juu. Mwaka 1986 sentensi hiyo ilisimama mlangoni mwa stoo, na nyuma yake kulikuwa na dawa ya bei ndogo ambayo ingeisha kazi kabla mama hajachemsha maziwa.