Ukoka wa Mstarini na Historia Yake

Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa shauri kwamba ukoka wa kiwanja cha mstarini ung'olewe wote, na mahali pake itandazwe sakafu ya matofali ya saruji. Waliotoa shauri hilo hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja wetu aliyaona mabaka ya kijivu, na alisikia jinsi mguu unavyobonyea kana kwamba mtu anakanyaga godoro. Maji yakimwagwa hutiririka juu juu, na ukichimba kidogo unakuta udongo mkavu. Basi ikasemwa kuwa nyasi zimekufa, tusizitupie fedha.

Mimi si bwana shamba. Kazi yangu ni mafaili ya Serikali. Lakini Chuo Kikuu nilisoma historia, na kiwanja kile nilikifyeka kwa miaka minne, mara nyingine kwa zamu na mara nyingine kwa adhabu. Kwa maoni yangu ukoka ule haujafa. Umesongwa na mabaki yake wenyewe, na waliousonga ni sisi.

Ukoka ni mmea hodari. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake, ukitoa mizizi kwenye kila kifundo. Ndiyo maana hustahimili jua, kwato na viatu vya wanafunzi. Sifa zake zimevuka bahari. Mwaka 1956 mtaalamu Glenn Burton, wa Tifton katika jimbo la Georgia, Marekani, alitoa aina iitwayo Tifgreen, chotara wa ukoka na ndugu yake wa Afrika Kusini, kwa ajili ya viwanja vya gofu. Watunzaji wa viwanja hivyo wanaujua vizuri ugonjwa wetu. Vishina na mizizi ya ukoka ni migumu, huchelewa kuoza. Ikifa upesi kuliko inavyooza, hujenga tabaka kati ya majani mabichi na udongo. Tabaka jembamba lina faida, maana huhifadhi unyevu. Likizidi kiasi cha sentimita moja na nusu huwa adui: maji hayashuki, na mizizi mipya huota ndani ya tabaka hilo badala ya udongo. Siku chache za jua zinatosha kuikausha.

Zamani nani aliondoa mabaki haya? Katika nyanda zetu kazi hiyo ilikuwa ya wanyama, moto na mchwa. Ng'ombe na mbuzi walikula nyasi kabla hazijazeeka. Wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walichoma nyasi kuukuu ili zichipue mpya, ingawa moto usio na mpango uliacha ardhi uchi. Mchwa nao, ambao sisi huwaona waharibifu tu, walibeba nyasi kavu na kuzishusha ardhini. Hata Uingereza, kabla Edwin Budding hajabuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, bustani za wakubwa zilitunzwa kwa miundu mirefu na kwa kondoo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, lenye kilometa za mraba 1,256. Kwa wenye ng'ombe lilikuwa jambo chungu sana. Hata hivyo, nyasi na miti vilirudi kwenye vilima vilivyokuwa vyekundu kwa makorongo. Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1989 ulianza utaratibu wa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini: nyasi zikakatwa na kupelekewa ng'ombe, na samadi ikarudi shambani. Nyasi zilizolindwa zikapata tena mtu wa kuzivuna.

Sasa tutazame shule yetu. Tulipokuwa wanafunzi, mbuzi wa kijiji walipenya kila siku, nasi tulifyeka na kukwangua kwa reki mpaka viganja vikachubuka. Hatukujua kuwa tulikuwa tukiutibu ukoka. Tulipopata kazi tukaja na mapenzi yetu. Tulichangia ua wa seng'enge, mbuzi wakakoma. Tulichangia pampu, kiwanja kikanyweshwa kidogo kidogo kila jioni. Tukaleta mbolea ya chumvichumvi, ukoka ukakua mbio. Tukamwaga sumu, mchwa wakafa. Kila zawadi ilikuwa njema machoni petu, lakini kwa pamoja tuliongeza ukuaji na kuwafukuza wafagiaji wote. Katika orodha yetu ya michango hamna hata reki moja.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kwanza kata kipande kwa kisu, upime unene wa tabaka. Kisha ngoja mvua za Desemba zishike, ukoka uwe unachipua. Ukiukwangua wakati wa kiangazi utauua kweli. Ufyeke uwe mfupi, halafu ukwangue kwa reki yenye meno ya chuma, kwanza upande mmoja, kisha kwa kukatisha. Kiwanja kitatisha kwa majuma kadhaa, msiogope. Takataka zipelekwe kwenye shimo la mboji. Toboa udongo kwa uma wa bustani, nyunyiza udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza. Baadaye mwagilia kwa nadra lakini maji yashuke chini, na mchwa waachwe wafanye kazi yao.

Najua saruji haihitaji reki. Lakini wanaosimama mstarini mwezi Oktoba ni watoto, si sisi, na saruji hulirudisha joto usoni. Tena maji ya mvua yanayoteleza juu ya saruji hutafuta pa kuchimba korongo. Udongo huo huenda mtoni, na mito ya upande huu humimina bwawani Mtera, bwawa lililojengwa miaka ya 1970 kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, na ambalo tangu mwaka 1988 linaendesha mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Haifai shule iliyo jirani na bwawa hilo ichangie tope.

Kwa hiyo naomba kutoa hoja. Kabla ya kupiga kura juu ya saruji, tutenge robo ya kiwanja, upande wa mlingoti wa bendera, tuikwangue mvua zikianza. Wanafunzi wa sasa wapime tabaka kabla na baada, waandike kwenye daftari, nao watusomee katika mkutano ujao. Ukoka ukishindwa kurudi, nitakuwa wa kwanza kuchangia matofali. Kwa sasa nimenunua reki kumi, nazo nitakuja nazo. Atakayekuja na mikono asichelewe.