Namna nguvu ilivyoishinda harufu Kericho

Geuza kisanduku cha manukato ya kiume ya jina kubwa lolote, usome maandishi madogo ya nyuma. Baada ya alkoholi na maji utakuta msururu wa majina ya kikemia, na mara nyingi yamo haya mawili: linalool na geraniol. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2005 inawabana watengenezaji wayataje, kwa kuwa ngozi za watu wengine huyakataa. Mnunuzi wa mjini Kericho au Bomet huyapita bila kuyatazama. Lakini Timbilil, kwenye kituo cha utafiti wa chai kilichoko nje kidogo ya mji wa Kericho, majina hayo yana umri mkubwa. Ndiyo yanayoipa chai nyeusi harufu yake ya maua.

Kuanzia miaka ya 1980 mkemia Philip Okinda Owuor na wenzake wa Timbilil walikuwa wakikamata mvuke wa chai na kuuchambua. Viini vya harufu viligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lanukia majani mabichi yaliyopondwa, na likizidi chai huwa kali puani bila utamu. Kundi la pili ndilo lenye linalool, geraniol na jamaa zao, pamoja na methyl salicylate, ambayo wanariadha wa huku wanaifahamu bila kuijua kwa jina: ndiyo harufu ya dawa ya kuchua misuli. Gawanya jumla ya kundi la pili kwa jumla ya kundi la kwanza, upate tarakimu moja inayosema chai hii inanukia kiasi gani. Wataalamu wa chai duniani bado wanaiita kwa jina la Owuor.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Kericho haikujua kunusa. Ilijua, tena kwa vipimo. Kilichotokea ni kwamba biashara ilifuata kitu kingine.

Kunusa kwenyewe kuna asili ya zamani kuliko chai. Katika nyumba ya Mkipsigis, hakimu wa harufu alikuwa mama mwenye sotet, kibuyu cha maziwa. Kibuyu husuguliwa ndani, kisha hupakwa mkaa wa mti wa senetwet uliochomwa, ndipo maziwa yatiwe na kuachwa siku kadhaa yaive kuwa mursik. Moshi wa mti huo huzuia uozo na hutia harufu. Mama akikaribisha pua mdomoni mwa kibuyu huwa ana maswali mawili kwa mpigo: moshi umeingia vizuri? Na utadumu mpaka maziwa yaive? Harufu na ustahimilivu vilipimwa pamoja, na hakuna aliyeona sababu ya kuvitenganisha. Wanariadha wanaporudi na medali wakanyweshwa mursik katika uwanja wa ndege Nairobi, wanachopewa ni kazi ya pua ya mtu.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru. Kericho ilikuja baadaye, na kwa njia chafu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilikata maelfu ya ekari katika ardhi ya Wakipsigis ikawagawia maofisa wa Kiingereza walioumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maofisa hao wakapanda kitani. Bei ya kitani ikaporomoka na mradi ukafa baada ya miaka michache tu. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia zikapanda chai. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho na kisiasa wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai ya biashara mpaka miaka ya 1950.

Katika miongo hiyo chai ya Kericho ilikuwa ikihukumiwa London, katika mnada ulioanza mwaka 1679. Pua na ulimi vilivyoamua bei vilikuwa vya watu wanaotengeneza mchanganyiko wa kunywewa na maziwa na sukari, katika mji wenye maji yake na mazoea yake. Mnada wa hapa nyumbani ulifunguliwa Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Ule wa London ulifungwa tarehe 29 Juni 1998. Mombasa ikabaki na meza, lakini ladha iliyokuwa ikitafutwa mezani ilikwisha kuamuliwa zamani.

Meza yenyewe ni ya kuitazama. Vikombe vyeupe vimepangwa mstari mmoja mrefu, mbele ya kila kimoja kuna majani makavu ya kiwanda fulani. Kwa kipimo cha kimataifa kilichoandikwa mwaka 1980, gramu 2 za chai huwekewa mililita 100 za maji yaliyochemka, zikaachwa dakika 6. Maji huchujwa na majani yaliyolowa hugeuzwa juu ya mfuniko. Mwonjaji huinama kwanza kwenye mfuniko, kwa maana majani ya moto yanatoa harufu ambayo kikombe kinaweza kuificha. Kisha huchota kijiko na kukivuta kwa kishindo ambacho nyumbani mtoto angechapiwa. Hewa ikivutwa pamoja na chai, mvuke hupanda puani kwa njia ya nyuma ya koo, na huko ndiko ladha nyingi inakotambulika. Anatema, anasogea kikombe kinachofuata. Kabla ya mnada mkubwa anaweza kupita mamia.

Na mtu huyu hajipaki manukato akienda kazini. Hata sabuni yenye harufu kali ni tatizo, na kitunguu cha mchana pia. Katika mnyororo mzima wa chai, yeye ndiye anayelipwa kwa ajili ya pua yake, na yeye ndiye asiyeruhusiwa kunukia.

Anachokiandika ni mambo matano hivi: rangi ya maji, ung'avu, uchangamfu wa ulimini, nguvu, na harufu. Harufu ni moja tu kati ya hayo, na katika chai ya magharibi mwa Bonde la Ufa mara nyingi ndiyo inayoandikwa kwa maneno machache. Sababu kubwa ni mashine.

Miaka ya 1930, huko Assam nchini India, William McKercher alibuni mashine yenye roli mbili za chuma zenye meno, zinazozunguka kwa kasi tofauti. Jani likipita katikati husagwa, huraruliwa na kusokotwa kwa pamoja. Njia hiyo huitwa CTC, na chai inayotoka huwa punje ndogo nyeusi, siyo jani lililosokotwa taratibu kama katika njia ya zamani ya orthodox. Seli za jani zikipasuka zote kwa mara moja, uchachu huenda mbio na rangi hutoka nyingi. Kikombe kinakuwa chekundu kwa muda mfupi, chenye nguvu ya kubeba maziwa mengi, na kilo moja inatoa vikombe vingi zaidi. Lakini viini vya kundi la pili, vile vya maua, vinahitaji muda na upole ili vijitenge na jani. Vipimo vilivyolinganisha njia hizo mbili vilionyesha CTC ikiwa na harufu pungufu. Viwanda vya Kenya vilihamia CTC kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, na leo karibu chai yetu yote ni hiyo.

Siwalaumu waliochagua. Miaka hiyohiyo Uingereza ilikuwa ikihamia mifuko ya chai, na mfuko unataka chembe ndogo zinazotoa rangi haraka. Wakulima wadogo, waliokusanywa chini ya shirika la KTDA mwaka 1964, walihitaji soko la uhakika kuliko walivyohitaji sifa. Pakistan, ambayo imekuwa mnunuzi wetu mkubwa, inachemsha chai na maziwa mpaka igeuke rangi ya matofali, na harufu ya maua haifiki mbali katika sufuria ya namna hiyo. Hata chai ya rangi ya kijijini kwetu Bomet hupimwa kwa macho kwanza.

Shambani nako mambo yakaelekea huko huko. Mbolea ya naitrojeni huongeza kilo, na utafiti wa Timbilil ulionyesha kwamba ikizidi huishusha ile tarakimu ya harufu. Kuchuma majani makubwa badala ya majani mawili na kichipukizi hujaza kikapu upesi na kuishusha pia. Mche uitwao TRFK 6/8 ukawa kipimo cha ubora. S15/10 ukasifiwa kwa mavuno. Mkulima anayelipwa kwa kilo pale kituo cha kununulia, umwambie achague upi?

Waridi nalo lilipita njia hiyo. Finlays walilima maua Kericho kwa miaka mingi kabla ya kufunga mashamba yao ya huko mwishoni mwa 2019. Geraniol, ile ile ya chai, ni moja ya nguzo za harufu ya waridi, lakini waridi la kuuzwa Ulaya lilizalishwa kwa shina refu na siku nyingi ndani ya chombo. Ukilinusa hupati kitu.

Sasa rudi kwenye chupa. Mwaka 1966 Dior walitoa Eau Sauvage, kazi ya Edmond Roudnitska, mojawapo ya manukato ya kiume yaliyoheshimiwa sana katika karne hiyo. Ndani yake alitia hedione, kiini cha maabara chenye harufu nyepesi ya jasmini, ambacho hakisukumi mtu bali hufungua nafasi ili vitu vingine vipumue. Ndugu yake wa kikemia, methyl jasmonate, yumo katika chai. Baadaye Jean-Claude Ellena alikwenda katika duka la chai la Mariage Frères mjini Paris, akafungua makopo na kunusa, kisha akaijenga harufu ya chai kwa hedione na ionone. Ionone pia hutoka kwenye jani la chai linapochakatwa. Bvlgari waliitoa kazi hiyo mwaka 1992 kwa jina Eau Parfumée au Thé Vert, na katikati ya muongo huo Jacques Cavallier akawatengenezea Bvlgari Pour Homme, ambayo nayo ina chai ndani, ile ya Darjeeling. Kwa miaka michache wanaume wa miji mikubwa walilipa pesa nyingi wanukie chai. Haikuwa chai ya Kericho. Punje za mfuko zisingemsaidia Ellena.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2015 nyumba ileile ya Dior ilitoa Sauvage, ya François Demachy, na ikauzwa kupita kiasi. Nguzo yake ni ambroxan, kiini cha maabara kinachoiga ambari, ile inayotoka tumboni mwa nyangumi. Pwani yetu iliiuza ambari kwa karne nyingi; al-Masudi, aliyesafiri hadi huku katika karne ya 10, aliitaja ambari ya nchi ya Wazanji. Ambroxan haichoki. Inabaki kwenye shati hadi kesho yake, na inamtangulia mtu mlangoni. Tofauti kati ya Eau Sauvage na Sauvage, kwa maoni yangu, ni kama tofauti kati ya orthodox na CTC: cha kwanza unakisogelea, cha pili kinakufuata.

Ndiyo maana swali la kwanza katika maduka ya mafuta ya manukato ya kupimiwa, yaliyoenea sasa katika miji ya Kenya, ni moja: inakaa? Likifuatwa na masaa mangapi. Swali la haki kwa mtu anayetoa pesa yake, ila ni nusu ya hukumu. Zaidi ya hayo, jibu la muuzaji linategemea mahali. Joto la Mombasa huurusha mvuke upesi, chupa ikaonekana ina nguvu na kuisha mapema. Kericho, mita 2,000 hivi juu ya bahari, asubuhi ya baridi huushikilia mvuke kwenye ngozi. Manukato yaleyale huonekana ya aibu hadi jua litoke. Kisha kuna ujanja wa pua: viini vizito kama ambroxan huichosha mpaka mwenyewe asivisikie, ilhali walio naye kwenye matatu ya kwenda Litein wanavisikia wote. Anajiongezea. Hao wengine wanafungua dirisha.

Mwonjaji wa chai angefanya vingine. Angepulizia kwenye karatasi kwanza, si mkononi, na si zaidi ya tatu au nne kwa mara moja. Angeandika kitu dakika ya kwanza, wakati ndimu na linalool bado zipo, aandike tena baada ya saa moja, na jioni aandike kilichobaki. Angekataa kuhukumu chupa kwa dakika zake tano za mwanzo, ambazo ndizo zinazouza. Na kama harufu ya mwisho ni nzito tu bila umbo, angeandika nguvu juu, harufu chini, kama anavyoandika kwa chai nyingi za huku.

Kwenye chai yenyewe kuna majaribio ya kurudi nyuma. Kiwanda cha Kangaita huko Kirinyaga kimekuwa kikitengeneza orthodox kwa miaka mingi, na serikali imekuwa ikivihimiza viwanda vingine vifuate. Wakati huohuo, msimu wa bonasi ukifika, wakulima wa Kericho na Bomet wanalinganisha malipo yao na ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa, ambako chai hupata bei bora mnadani, na hasira hupanda. Wanadai hesabu za viwanda, gharama za usimamizi, mikopo. Wana haki ya kudai. Ila karatasi ya mwonjaji, ile yenye safu tano, nayo ni hesabu, na ningependa kuiona imebandikwa pale Mogogosiek na Kapkatet, kwenye kibanda cha kupimia, juu ya mizani.