Sindano za wamama: ufundi uliobaki mkononi

Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walifungua katika miji ya Kongo vituo vya wamama vilivyoitwa foyers sociaux. Mwaka 1946 walifungua kimoja Usumbura, leo Bujumbura, maana Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya utawala wao pia. Wake za wafanyakazi walifundishwa humo kushona, kutia viraka, kufuma sufu, kupiga pasi na kutunza watoto.

Wakoloni walitaka mama wa nyumbani kwa mfano wa Ulaya: bwana kazini, bibi jikoni. Masomo ya kumfikisha mtu ofisini yalikuwa zaidi ya wavulana. Lakini wamama waliishika sindano na kuitumia kwa mahitaji yao.

Uhuru wa Kongo ulipofika 1960, Wabelgiji wengi waliondoka. Ufundi ulibaki, mama akimfundisha binti. Hadi leo, kwenye baridi ya milima ya Masisi, mtoto mchanga anavishwa kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono, na vipande vya kitenge vinaunganishwa kuwa shuka.

Vita ikifukuza watu, mashine ya kushona inabaki nyuma kwa uzito wake. Sindano mbili na uzi vinaingia ndani ya furushi. Kambini, kazi inaweza kuanzia hapo.